Nati ya ekseli ya nyuma imegoma kabisa: Beetle 1966, giaboksi inashushwa

Mwambani66

Wakuu, habari za kazi. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1966, ile ya ekseli za kubembea, dramu za matundu matano. Gia ya pili inachomoka ukiachia mafuta na inakwaruza ukiipachika, kwa hiyo giaboksi inashuka na kufunguliwa yote. Injini bado ipo ndani.

Nati ya ekseli ya kushoto imefunguka. Ya kulia imegoma. Ni nati ya milimita 36 yenye mapengo, spliti pini (ile pini ya kukunja inayopita kwenye mapengo na ekseli kuizuia nati isizunguke) nimeikata kichwa na kuivuta. Siku tatu napuliza WD-40. Natumia mpini wa nusu inchi wenye urefu wa sentimita 60, gari liko juu ya mawe, tairi nimelitoa, handibreki imevutwa. Jana ekstensheni ya nusu inchi imekatika katikati. Gari limekaa miaka mingi Raskazoni, hapa Tanga, karibu na maji, kutu ipo ya kutosha.

Maswali yangu: upande wa kulia nyuzi zake ni za kinyume? Niichome moto? Au nishushe giaboksi pamoja na dramu yake nikapambane na nati juu ya meza?

SpanaNgamiani

Mkuu, usishushe giaboksi na nati ikiwa imefungwa. Giaboksi hiyo inaweza kutoka pamoja na mirija ya ekseli na dramu zake, na wengi huishusha hivyo, lakini ikishafika mezani huna tena cha kuishikia. Ukivuta mpini kitu chote kinazunguka pamoja nao. Nati hii hufunguliwa gari likiwa chini, kwenye matairi yake, na injini ikiwa bado ndani ili uzito uwe nyuma. Hapo umebahatika, hujaitoa injini.

Nyuzi za nyuma ni za kawaida pande zote mbili, M24 kwa 1.5 (kipenyo milimita 24, nyuzi hadi nyuzi milimita 1.5), zinafunguka kinyume cha mishale ya saa. Yenye nyuzi za kinyume kwenye Beetle ni ya mbele kushoto, ndiyo inayowachanganya watu.

Sasa piga hesabu ya mpini wako. Nati hii hufungwa kwa takribani Nm 300, yaani kilo 30 na ushee kwenye mpini wa mita 1. Wewe una sentimita 60. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 40 unapata kama Nm 235. Hujafikia hata nguvu iliyoifunga siku ilipotoka kiwandani, bado hujaongeza kutu ya bahari. Tatizo si nati kuwa mbishi, ni mpini mfupi. Chuma cha nusu inchi nacho hakikutengenezwa kwa kazi hii, ndiyo maana kimekatika. Tafuta soketi ya 36 ya robo tatu inchi, yenye pembe 6 na si 12, na mpini wake. Gereji za malori wanazo, waombe wakuazime au wakukodishe kwa siku moja. Soketi hiyo hiyo utaihitaji kwenye nati kubwa ya flaiwili, nayo ni 36 na imekazwa zaidi ya hii.

Rudisha tairi, shusha gari chini. Kofia ya tairi ikitoka, nati inaonekana katikati, huna haja ya kutoa kitu kingine. Vuta handibreki, mtu mmoja akae ndani akanyage breki ya mguu. Kwa upande wa kulia, ukifungua nati tairi linataka kurudi nyuma, kwa hiyo mawe ya kuzuia yawekwe nyuma ya matairi. Upande wa kushoto ingekuwa mbele. Watu wengi huweka mawe upande usiohusika, gari linasogea na soketi inaruka.

Panga mpini uelekee nyuma ya gari, karibu ulale sawa na ardhi, umeinuka juu kidogo. Vika bomba la chuma lenye ukuta mnene hadi ufikie mita 1.5 kutoka katikati ya nati. Weka jeki au gogo chini ya shingo ya soketi ili isipinde kuelekea chini, maana soketi ikikaa upande inakula pembe za nati. Kisha simama juu ya bomba taratibu, usirukeruke. Mtu wa kilo 75 kwenye mita 1.5 anatoa karibu Nm 1,100, zaidi ya mara tatu ya ilivyofungwa. Mara nyingi unasikia mlio mmoja mkubwa kama kitu kimevunjika. Usiogope, ndiyo nati inaachia.

Jambo moja tu naomba sana: usifanye hivyo gari likiwa juu ya mawe au jeki. Nguvu hiyo inalisukuma gari zima pembeni, na likianguka linakukuta wewe chini ya mkono wa bomba.

BiSahare

Kabla ya kuongeza bomba, kaka Mwambani, naomba uangalie jambo moja. Umesema pini umeikata kichwa ukaivuta. Je, imetoka nzima? Spliti pini iliyokaa miaka kwenye hewa ya chumvi hukatika ndani ya ekseli. Kinachobaki kimevimba kwa kutu na kimeziba tundu, na kimechomoza ndani ya pengo la nati kiasi cha milimita 1 au 2. Kwa macho unaona pengo tupu lenye uchafu. Kumbe nati imefungwa kwa kufuli.

Chukua brashi ya waya usugue mwisho wa ekseli hadi chuma kiwe cheupe. Pitisha waya wa baiskeli kwenye tundu. Ukipita kutoka upande mmoja ukatokea wa pili, pini imetoka. Ukigota, chukua msumari wa chuma uliokatwa ncha ukawa bapa, piga kwa nyundo ndogo kutoka upande ule mwembamba wa pini. Ikigoma, toboa kwa drili nyembamba kuliko tundu, milimita 3 kwanza halafu 4, kwa mwendo mdogo na tone la oili. Usikimbilie drili kubwa: ukiingia kwenye ukuta wa tundu ekseli inabaki na jeraha, na ekseli ya zamani hainunuliki kila duka.

Pini ikiachwa ndani na ukasimama juu ya bomba la mita moja na nusu, nati inaizungusha pini na kuburuta vipande vyake kwenye nyuzi. Hapo ndipo inapong'ang'ana kweli, robo mzunguko halafu basi.

Kuhusu dawa: WD-40 inasaidia kidogo lakini si ya kutu nzito. Changanya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, kijiko kikubwa kimoja kimoja kinatosha. Asetoni wanayo wauza vifaa vya fibaglasi. Vitu hivi viwili havishikani, tikisa kila unapotia. Sehemu ya kutia ni mwishoni mwa nyuzi, pale ekseli inapochungulia kwenye nati, na ndani ya mapengo yote sita. Nati imesimama wima, dawa inamwagika chini, kwa hiyo viringisha kipande cha kitambaa kwenye nati, kilowe, funga na mfuko wa plastiki, acha usiku kucha. Kesho yake egemeza nyundo ya kilo 2 kwenye upande mmoja wa nati na ugonge upande ulio mkabala kwa nyundo nyingine, zungukia pembe zote sita. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya dawa. Usigonge mwisho wa ekseli. Ule mpigo unakwenda moja kwa moja kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa ekseli mbili), kwenye vibao vya ule mguu bapa wa ekseli.

Na asetoni inashika moto haraka. Ukishaitumia, habari ya kuchoma iwe siku nyingine, baada ya kufuta na kukausha.

Mwambani66

Ahsanteni sana. Bi Sahare umenena kweli, waya umegota katikati. Nimetoboa kwa 3 kisha 4, kimetoka kipande cha kama sentimita moja na nusu, cheusi, kimevimba. Sasa waya unapita.

Nimepata soketi ya robo tatu. Gari liko chini, mawe nyuma ya matairi. Nimesimama juu ya bomba: nati imezunguka kama theluthi moja, halafu ikakaza tena, na sasa pembe mbili zimeanza kulika kwa sababu soketi ilikaa upande. Nyuma ya nati, pale inapokaa kwenye dramu, naona vumbi jekundu laini. Nifanyeje?

KerezaMuheza

Acha hapo. Usiende mbele tena kwa nguvu. Nati iliyozunguka theluthi ikakaza ina uchafu wa pini au kutu kwenye nyuzi, na kila nyuzi unayoilazimisha inakata nyuzi ya ekseli. Irudishe ndani, upande wa kufunga, kama robo mzunguko, tia dawa, ifungue tena hadi pale ilipokaza na kidogo mbele, irudishe tena. Ukiona inapata nafasi kidogo kidogo, endelea hivyo hata kama ni mara thelathini. Ukiona haisogei zaidi ya ilipofika, kata nati. Nati ni rahisi, ekseli si rahisi.

Kukata ni kazi ya dakika kumi. Nati ina upana wa 36, nyuzi ni 24, kwa hiyo ukuta wake katikati ya ubapa ni milimita 6 tu. Mapengo ya pini yako katikati ya bapa, tumia pengo kama alama ya kuanzia. Grenda ndogo yenye diski nyembamba ya milimita 1. Kata kwa urefu, kufuata ekseli, kuanzia kwenye pengo kurudi kuelekea dramu, kina cha milimita 5. Simama hapo. Ile milimita 1 iliyobaki usiiguse kwa diski. Sogeza gari kidogo ili nati izunguke, au fanya upande uliopo, ukate bapa la mkabala vivyo hivyo. Karibu na dramu simamisha diski kabla ya kugusa uso wake, maana nati mpya inakaa hapo hapo na mkwaruzo unaifanya ikae upande.

Baada ya hapo chukua tindo bapa, iweke kwenye mfereji uliokata, piga nyundo mara moja kwa nguvu na uizungushe kidogo. Milimita ile iliyobaki inapasuka, nati inafunguka kama ganda la njugu. Mara nyingi ukishakata upande wa kwanza tu, mkazo umeisha na nati inatoka kwa spana ya kawaida.

Cheche za grenda zinaruka kuelekea injini. Bomba la petroli liko nyuma huko, lifunike kwa gunia lililoloweshwa maji na uwe na ndoo ya mchanga karibu.

Kuhusu moto: unafanya kazi lakini jua unachokifanya. Nati ukiipasha digrii 200 zaidi ya ekseli, tundu lake linapanuka kama milimita 0.06. Ni kidogo, lakini kinatosha kupasua kutu. Sharti ni nati ipate joto haraka kabla ekseli haijapata. Moto wa oksijeni na gesi, dakika moja kwenye nati peke yake, unafungua hapo hapo. Moto wa jiko la gesi la nyumbani unapasha kila kitu pamoja, ekseli nayo inapanuka, hujapata faida yoyote, na sili ya mpira na beringi iliyo sentimita chache ndani umeshaiunguza. Kwa nati iliyokwisha kulika pembe mimi napendelea kukata.

Lile vumbi jekundu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko nati. Hiyo si kutu ya bahari. Kutu ya bahari ni ngumu na ina magamba. Vumbi laini la rangi ya matofali maana yake dramu ilikuwa inacheza kwenye mifereji ya ekseli, nati haikukazwa ipasavyo na mtu aliyepita kabla yako. Dramu ikitoka, angalia meno ya ndani ya dramu: yakiwa na ncha kali kama msumeno badala ya kilele bapa, dramu hiyo haifai tena, hata ukiikaza vipi. Meno ya ekseli ni magumu zaidi, aghalabu yanapona.

Dramu ikikataa kutoka baada ya nati, legeza kwanza virekebisho vya viatu vya breki, kwa sababu ukingo wa dramu unashika viatu. Halafu tumia kivutio kinachofungwa kwenye matundu ya bolti za tairi. Usigonge ukingo kwa nyundo, chuma cha kumwaga kinapasuka.

GiaZaKale

Naongezea kwa sababu mkuu anakwenda kuifungua giaboksi yenyewe, na huko ndani atakutana na nati nyingine. Aliyoyasoma hapa juu kuhusu dawa na kutu ayaache mlangoni. Nati iliyokaa ndani ya oili haina kutu. Ikigoma, kuna kitu kinaishika kwa makusudi, na kazi ya kwanza ni kukijua.

Chukua tochi uangalie ukingo wake. Kama ukingo umepigwa tindo ukaingia kwenye mfereji wa shafti, uinue kwanza kwa tindo nyembamba hadi usiguse shafti kabisa. Kama kuna washa yenye sikio lililokunjwa, likunjue lote, si nusu. Kama unaona utandu mwekundu mkavu kwenye nyuzi, ni gundi ya nyuzi, nayo hailegei hadi ipate joto la digrii 250 hivi. Kwa nati zilizokunjwa au kupigwa tindo, nati na washa zinazorudishwa ziwe mpya. Chuma kilichokunjwa mara mbili kinakatika na kipande kinaingia kwenye meno ya gia.

La pili ni kushika shafti. Wengi hupachika gia mbili kwa pamoja ili shafti zijifunge, na njia hii ni sahihi maadamu unavuta kwa mkono na mpini mrefu. Usitumie mashine ya upepo hapo, mipigo yake inakwenda kwenye meno madogo ya sinkro, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Usiweke bisibisi wala kipande cha chuma katikati ya meno ya gia: jino likimeguka hata milimita 2, gia hiyo itakuwa inalia maisha yake yote.

Njia bora ni kishikio cha klachi. Tafuta diski ya klachi iliyokwisha, yenye mifereji inayoingia kwenye shafti yako inayopokea nguvu ya injini. Ng'oa bitana zote. Choma kwa weldingi kitovu chake kiungane na sahani, ili zile springi zisicheze. Kisha choma chuma bapa cha upana wa milimita 40, unene 8, urefu sentimita 70, kivuke sahani nzima. Vika kwenye shafti, mkono wake uegemee kwenye meza. Sasa shafti imeshikwa kwenye mifereji iliyotengenezwa kubeba nguvu ya injini, na hakuna jino la gia linalobeba mzigo usio wake.

Mwili wa giaboksi ya Beetle ni wa magneziamu. Usiubane kwenye jiliwa bila mbao, usiutumie kama egemeo la pau. Vumbi lake la grenda likishika moto usimwagie maji, mwagia mchanga mkavu. Washa za unene zilizo pande mbili za difu usichanganye, ya kulia na ya kushoto hazifanani, zifunge kwenye vitambaa viwili na uandike. Ukizigeuza, pinioni na gia kubwa zitakutana mahali pengine na giaboksi itavuma kila ukiachia mafuta.

Mwambani66

Nati imetoka kwa kukata bapa mbili. Nyuzi za ekseli nzima. Meno ya ndani ya dramu yamechongoka kama alivyosema mkuu wa Muheza, dramu natafuta nyingine. Swali la mwisho: sina spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inayofika Nm 300. Nitafungaje bila kubahatisha?

SpanaNgamiani

Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, na mpini wako wa robo tatu na bomba. Pima mita 1 kamili kutoka katikati ya nati hadi pale utakapofunga kamba, weka alama kwa chaki. Mpini usimame wima juu ya nati, na wewe uvute kwa mlalo kuelekea mbele ya gari. Ukiwa wima, uzito wa bomba hauingii kwenye hesabu. Mizani ikisoma kilo 30 na nusu, umefika Nm 300. Ukitumia mita 1.5 ni kilo 20 na nusu. Gari liwe chini kwenye matairi, na safari hii mawe yawe mbele.

Kabla ya hapo safisha nyuzi kwa brashi, tone la oili, nati mpya ianze kwa vidole hadi iguse dramu. Ikigoma kwa vidole, simama, kuna nyuzi imelala.

Tundu la pini lisipokutana na pengo, kaza zaidi hadi lifike. Usirudishe nyuma hata kidogo. Pengo kwa pengo ni digrii 60, nati inasogea robo milimita tu, ekseli inavumilia. Kurudisha nyuma ndiko kulikoleta lile vumbi jekundu.

Spliti pini mpya, ijae tundu bila kucheza, mguu mmoja ukunjwe juu ya mwisho wa ekseli na mwingine chini kwenye bapa la nati. Giaboksi ikisharudi na kutiwa oili lita 2.5, SAE 90 ya daraja la GL-4, nenda Muheza na kurudi. Ukifika, toa pini, rudia mizani, kaza kama imelegea, tia pini nyingine mpya. Fanya na ya kushoto.

BiSahare

Na ukishatia hiyo pini ya mwisho, paka grisi nene juu ya nati na mwisho wa ekseli kabla ya kurudisha kofia. Grisi ya majini, ile ya mashua, haioshwi na mvua.